Ethiopia: Magari ya umeme yaja kwa kasi, pa kuyachaji hapatoshi

UAMUZI wa serikali ya Ethiopia wa Januari 2024 kupiga marufuku uagizaji wa magari ya petroli na dizeli uliifanya kuwa nchi ya kwanza duniani kuchukua hatua hiyo. Waziri wa Uchukuzi, Bw Alemu Sime, hakuficha sababu: dola za kununulia mafuta zilikuwa adimu.

Ethiopia haina bandari. Mafuta yake hupitia Djibouti, na gharama yake ilikuwa imekaribia dola bilioni 6 kwa mwaka. Umeme, kwa upande mwingine, ni wa nyumbani na karibu wote hutokana na maji. Bwawa kuu la mto Nile, lililozinduliwa rasmi Septemba 2025, lina uwezo wa kuzalisha megawati 5,150.

Kwa hesabu hiyo ni vigumu kuilaumu Addis Ababa. Lakini umeme ulio bwawani haumfai dereva mpaka umfikie pale anapoegesha gari lake, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Tuanze na nyumbani, maana huko ndiko gari la umeme huchajiwa zaidi. Soketi ya kawaida ya volti 220 hutoa kama kilowati mbili na kitu. Gari la familia lenye betri ya yuniti 60 likichomekwa hapo likiwa tupu, litahitaji zaidi ya siku nzima kujaa. Ni kweli, anayesafiri kilomita 40 kwa siku hahitaji kujaza betri yote. Usiku mmoja humtosha kurudisha alichotumia. Mwenye uwezo hufungiwa chaja ya ukutani ya kilowati saba, na gari hujaa kati ya magharibi na alfajiri.

Yote hayo yanamfaa mwenye ua, lango na mita yake mwenyewe. Je, yule aliye orofa ya nne?

Addis Ababa imejaa maghorofa yaliyojengwa na serikali tangu miaka ya 2000, ambayo wakazi huyaita kondominiamu. Maelfu ya familia za tabaka la kati, watu wale wale ambao serikali ingependa waache petroli, huishi humo. Gari hulala uani pamoja na mengine ilhali mita iko ndani. Kuteremsha waya kupitia dirishani ni hatari, na mvua za Julai na Agosti za huko si za mchezo. Mkazi wa humo hana budi kutegemea kituo cha umma, ambako hulipa bei ya kibiashara na kungoja zamu.

Kisha kuna umeme wenyewe kupotea. Gari lenye tangi la petroli halijali stima zikikatika saa nne usiku, lakini la umeme huamka asubuhi lilivyolala. Isitoshe, transfoma ya mtaa iliyowekwa kwa ajili ya taa, majiko ya umeme na friji haikupangiwa magari kumi yanayoanza kuchaji kwa pamoja wenye magari wanaporudi kutoka kazini.

Serikali ilisema magari ya umeme nchini humo yalikuwa yamefika takriban 100,000 mwaka huo wa 2024. Vituo vya kuchajia haviendi kwa kasi hiyo. Kampuni ya simu ya serikali, Ethio telecom, ilifungua chaja za kasi jijini mnamo 2025, lakini vituo vingi vimo Addis Ababa. Zaidi ya hayo, magari mengi hutoka Uchina yakiwa na plagi ya Kichina, tofauti na ya Ulaya. Kituo chenye waya wa aina moja humwacha mwenye gari la aina nyingine akitazama tu.

Barabarani ndiko tatizo huonekana waziwazi. Kutoka Addis Ababa hadi Hawassa ni kama kilomita 275, na gari zuri litafika. Kurudi ni kitu kingine: barabara hupanda zaidi ya mita 600, na mlima hula betri. Chaja ya kasi inaweza kulitoa gari asilimia 20 hadi 80 kwa muda usiozidi saa moja, kisha hupunguza kasi ili isiharibu betri. Lakini sharti chaja iwepo, ifanye kazi, na usiwe na magari matatu mbele yako.

Mabasi ya masafa na malori yana shida kubwa zaidi, kwani gari la kazi likisimama saa mbili kuchaji, mwenyewe anapoteza pesa.

Kuna haki pia ya kuzungumzia. Takriban nusu ya Waethiopia hawana umeme majumbani mwao. Marufuku yaliwafunga wao pia, ingawa wanaishi mahali ambapo gari la umeme ni pambo tu. Ingekuwa busara kuanza na Addis Ababa na kuziacha wilaya za mbali zitangulie kupata nyaya.

Kenya ilichukua njia ya polepole. Haikupiga marufuku chochote. Mnamo 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji, Sh16 kwa yuniti na Sh8 saa ambazo matumizi ni ya chini, kabla ya ushuru na ada nyingine. Waliochangamka zaidi ni wanabodaboda, ambao hubadilishana betri iliyokwisha kwa iliyojaa na kuendelea na safari, bila kuhitaji soketi nyumbani.

Tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikinunua umeme wa Ethiopia kupitia laini ya kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Umeme huo huvuka mpaka kila siku. Dereva wa gari la umeme anayetoka Addis Ababa kuja Moyale, safari ya zaidi ya kilomita 700, bado inambidi ajue mapema ni wapi njiani atalala na gari likichaji.