Pampu ya Viwambo Viwili: Kukosa Umeme Si Kukosa Cheche

Imeenea dhana miongoni mwa wanafunzi, na hata kwa baadhi ya mafundi, kwamba mtambo usiotumia umeme hauwezi kuwasha moto. Dhana hiyo ni ya hatari. Pampu ya viwambo viwili, iliyobuniwa na Mmarekani Jim Wilden mwaka 1955, yatosha kuikanusha, nami naona yafaa ifundishwe katika shule zetu za sekondari, hasa zile za kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako kufua maji ya ngama ni kazi ya kawaida.

Tuchukue chombo kilichotia nanga Kamanga, ng'ambo ya Mwanza. Ngamani yamekusanyika maji yaliyochanganyika na mchanga, matope na mafuta ya injini. Pampu yenye mapanga yazungukayo huharibiwa upesi na uchafu wa namna hiyo. Pampu ya viwambo haina mapanga. Ina vyumba viwili, na katika kila kimoja kimewambwa kiwambo cha mpira. Viwambo hivyo vimeunganishwa kwa ufito mmoja. Hewa iliyoshindiliwa na kompresa huingia nyuma ya kiwambo cha kwanza na kukisukuma, na maji yaliyo mbele yake hutoka. Wakati huohuo ufito hukivuta kiwambo cha pili, nafasi iliyo mbele yake hupanuka, kanieneo hupungua, na maji hupanda kutoka ngamani. Ufito ukifika mwisho, vali ya hewa hugeuza njia, na vyumba hubadilishana kazi. Gololi nne, mbili kwa kila chumba, huyazuia maji yasirudi yalikotoka. Mwalimu wa biolojia ataukumbuka moyo, ambao nao una vali nne.

Nimesema maji hupanda, wala si kwamba pampu huyavuta kama kwa kamba: hewa ya nje ndiyo iyasukumayo. Uso wa Ziwa uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo la hewa ni kama kilopaskali 88, si 101 kama Dar es Salaam. Kwa hiyo kikomo cha kupandisha maji, ambacho pwani ni karibu mita 10.3, Kamanga ni mita 9 tu. Na pampu halisi haifikii hata hizo. Hesabu hii ingewafaa wanafunzi kuliko kukariri fasili ya kanieneo. Atakayesema kwamba shule yake haina kompresa, na aniambie kama haina pia kalamu na ubao.

Turudi kwenye cheche. Petroli ipitapo kwa kasi katika mpira huzalisha umemetuli. Chaji isipopata njia ya kwenda ardhini hujikusanya mpaka iruke. Na mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, umekwisha kutuama chini ya chombo. Hivyo pampu, mipira, pipa litoalo na pipa lipokealo sharti vyote viweze kupitisha chaji na viunganishwe kwa waya hadi ardhini. Pampu ya plastiki ya kawaida isiguse petroli kabisa. Kompresa ya injini ikae juu penye hewa, kamwe si ngamani, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi iuayo bila harufu.

Kuna jambo jingine lidanganyalo. Ukifunga njia ya kutokea, pampu husimama kimya bila kuharibika, maana kanieneo la ndani halizidi lile la hewa iisukumayo. Mtu asiyejua hudhani imezimwa, hulegeza kiungo, na mafuta humrukia machoni. Funga hewa kwanza, kisha punguza kanieneo upande wa maji, ndipo ushike spana. Na miwani ya kazi iwe usoni tangu mwanzo. Kiwambo kikipasuka, maji hutokea kwenye ekzosi ya hewa. Basi ekzosi isielekezwe kwa watu.

Ama maji yenyewe yenye mafuta, yamwagwe katika mapipa nchi kavu. Jiji la Mwanza hunywa kutoka ziwa hilihili.