Longonot Si Ya Reels Tu: Maswali 5 Ya Kuuliza Kabla Utume Doo

Hiyo poster unaijua. Iko kwa status ya mtu hata sahi. Picha ya krata imepigwa na drone, halafu chini: Jumamosi, Longonot, usafiri, kiingilio, guide na picha, tuma kwa hii namba. Bei si mbaya, mbogi yako yote inaenda, na wewe wiki mzima umekalia kiti ya ofisi. Unatuma.

Na si makosa. Kilomita kama 90 kutoka Nairobi, unaenda asubuhi unarudi jioni, na Jumapili hauna hangover. Siku hizi vijana ndio wanajaza hizi milima, na hiyo ni poa sana. Shida ni kwamba umati umeongezeka haraka kuliko akili ya kuupeleka.

Wacha tuongee hesabu ya mlima wenyewe. Kutoka geti ya KWS mpaka mdomo wa krata ni kilomita 3.1, na hizo zote ni kupanda. Kuzunguka krata ni 7.2. Ongeza 3.1 za kushuka, umefika 13.4. Huko katikati kuna Kilele Ngamia, mita 2,776, na kuna mahali utasaidia miguu na mikono. Maji hakuna. Kivuli ni cha kutafuta. Kukiwa kumekauka unakula vumbi, kukiwa kumenyesha unateleza.

View? Iko, hatukatai. Ziwa Naivasha limelala pale chini kama shuka. Ni hilo hilo lililofurika likaingia Kihoto mwaka wa 2025, watu wakahama manyumba zao, lakini ukiwa juu linakaa pole kabisa. Hata mlima ukiwa kwa simu yako hukaa hivyo.

Sasa sikia hii, juu ndio watu hushikwa nayo. Njia ya kwenda na kurudi inakusamehe. Ukichoka, unageuka. Lakini njia ya kuzunguka haina hiyo huruma. Ukifika nusu ya krata na miguu igome, mbele ni mbali na nyuma ni mbali vilevile. Hakuna boda. Ya kukutoa hapo ni miguu yako ama watu wa kukubeba. Kwa hivyo uamuzi wa maana unafanywa pale juu mwanzoni, kabla uanze kuzunguka: naendelea, ama nakaa hapa napiga picha zangu nashuka? Na kusema ukweli, nani atakubali kubaki na mbogi imeshaanza kwenda?

Hapo ndipo pesa ya organizer inaingia. Gharama yake kubwa ni gari. Basi ikijaa, anapata kitu. Ikibaki na viti, anakula hasara. Kwa hivyo kila mtu anaambiwa anaeza: mwenye hukimbia kila asubuhi na mwenye mazoezi yake ni kushuka ngazi za stage. Mkifika, wale wakali wanachomoka, guide anafuata wao, na nyuma kabisa unaona dada mmoja amekaa kwa jiwe, chupa imeisha, simu iko na asilimia 6. Ukimuuliza group yake iko wapi, anaonyesha mbele kwa kidole.

Usiseme hii ni kuogopesha watu. Hapo karibu tu, Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 kwa korongo mwaka wa 2012, vijana wa kanisa waliokuwa wametoka Nairobi. 2019 maji yakarudi hapo hapo, watu 7 tena wakaenda. Hakuna aliyetoka nyumbani akifikiria anaenda kufa. Walikuwa wameenda out kama wewe.

Sheria iko. Anayeuza safari anafaa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority. Lakini kufungua group ya WhatsApp na kutengeneza poster hakuhitaji leseni, na sisi wenyewe hatuulizi. Kwa fundi wa simu tunaitisha warranty, lakini kwa mtu anatupeleka juu ya volkeno tunauliza tu kama lunch iko.

So kabla utume, uliza hizi tano:

1. Mko na leseni? Nione.

2. Guide mmoja anachunga watu wangapi, na ni nani hutembea na mtu wa mwisho? Kama jibu ni "tutashikana huko", hepa.

3. Ni saa ngapi mtu haruhusiwi tena kuanza kuzunguka krata? Mtu serious ana hiyo saa.

4. Nani ako na vifaa vya first aid, na anajua kuvitumia? Sanduku bila mtu wa kujua ni mzigo tu.

5. Mtu akivunjika mguu upande ule mwingine wa krata, mpango ni gani?

Kiingilio cha KWS hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo mtu akikuambia ashakulipia, itisha risiti.

Na wewe pia uko na homework. Beba maji lita mbili ama tatu, kula kabla, viatu viwe na meno, na umwambie mtu wa nyumbani unaenda wapi na nani. Kama uko na asthma ama presha, sema mapema. Na ukiwa kati ya wale wakali, simama hapo kwa mdomo wa krata uhesabu watu kabla mwendelee. Mlitoka Nairobi kwa gari moja. Si mrudi mkiwa wote.

Longonot haiendi mahali. Ukiskia mwili umekataa, rudi chini. Jumamosi zingine ziko mob.