Maji taka yakipanda nyumbani, nani alipe?

MVUA kubwa ikinyesha usiku mitaani Nairobi, kuna watu ambao hawalali. Si wale wa ghorofa ya tano, bali wa nyumba za chini, ambao husikia choo kikigugumia, kisha maji meusi yakitoka kwenye tundu la bafuni na kutambaa hadi sebuleni. Kukicha, mzozo huanza. Mwenye ploti husema wapangaji wametupa nepi chooni. Wapangaji wa juu husema vyoo vyao havina kasoro. Na yule wa chini hubaki na ndoo na ufagio, godoro lake likianikwa ukutani.

Msomaji, mimi ni daktari wala si wakili, na huenda ukauliza mzozo huu unanihusu nini. Unanihusu kwa sababu sehemu kubwa ya hasara haionekani siku ile. Watu huhesabu zulia, viti na televisheni. Ugonjwa huja baadaye. Kipindupindu huweza kumshika mtu katika muda wa saa chache hadi siku tano baada ya kumeza vijidudu. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu. Ule ugonjwa wa ini wa aina ya A huchukua karibu mwezi mzima. Mtoto aliyetambaa kwenye sakafu ile mwanzoni mwa Aprili aweza kuletwa kwangu mwezi wa Mei akiwa na macho ya manjano, ilhali sakafu imekwisha kukauka na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Dawa hulipiwa na mamake, peke yake.

Sikatai kwamba wapangaji wana makosa yao. Nepi, sodo, mafuta ya kupikia yanayoganda, mchanga wa kusugulia sufuria na karatasi za gazeti (naam, hata hili unalosoma) huziba mabomba. Lakini tazama jinsi maji yanavyokwenda. Bomba kuu la jengo likiziba karibu na lile shimo la nje lenye kifuniko cha chuma, uchafu wa ghorofa zote hurudi nyuma na kutafuta tundu lililo chini kuliko yote. Tundu hilo ni la nyumba ya chini. Kwa hivyo, mahali uchafu unapotokea hapaonyeshi hata kidogo ni nani aliyeuleta. Kumwambia mpangaji wa chini alipe fundi kwa kuwa "ni choo chako kilichofurika" ni sawa na kumtoza faini mtu wa bondeni kwa mvua iliyonyesha mlimani.

Isitoshe, mara nyingi kosa si la mpangaji yeyote. Chukua mfano wa Umoja, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani. Zilikuwa nyumba ndogo za chini, na mabomba ya maji taka yalitandazwa kwa kadiri ya familia hizo. Leo, mahali palipokuwa na nyumba moja pamesimama ghorofa lenye familia nyingi, na bomba lililo chini ya barabara halijui habari hiyo. Kuna pia wajenzi wanaoelekeza maji ya paa katika bomba la choo ili wasigharamike kuchimba mtaro. Mabomba ya maji taka hayakuundwa kupokea mvua. Ndiyo maana mafuriko haya huja pamoja na masika. Ongeza vifuniko vya chuma vinavyoibwa na kuuzwa kama vyuma kuukuu, mawe na takataka zikiporomoka ndani ya mashimo yaliyoachwa wazi.

Sheria yenyewe haina utata ambao wenye ploti hudai inao. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo tunayo tangu 1921, yasema kwamba afisa wa afya akiridhika kuna uchafu unaohatarisha afya, atampa notisi aliyeusababisha. Huyo asipopatikana, notisi itapewa mkaaji au mwenye nyumba. Lakini kasoro ikiwa katika ujenzi wenyewe, notisi ni ya mwenye nyumba. Na kwa wale walionunua nyumba zao katika ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987, huyafanya mabomba ya pamoja kuwa mali ya wote, na jukumu la kuyatunza ni la shirika la wenye nyumba kwa fedha zinazochangwa na wote. Wa ghorofa ya juu hana ruhusa ya kujitoa. Tatizo likiwa nje ya ua, katika bomba kuu la umma, basi hilo ni la kampuni ya maji ya kaunti, na malalamiko yapelekwe huko kwa maandishi.

Wa juu akidhani kwamba yeye amesalimika, ajue hivi. Kwa sababu ya mgao wa maji, majengo mengi yetu yana tangi lililochimbiwa ardhini uani, na pampu ya kupandisha maji paani. Nalijua jengo moja la ghorofa sita ambalo tangi hilo li hatua tatu tu kutoka shimo la maji taka. Shimo lilipofurika, wagonjwa wangu wa kwanza wa kuhara walitoka ghorofa ya nne, watu ambao hawakuwa wamekanyaga tone la uchafu. Walikuwa wamepandishiwa na pampu. Aidha, bomba la maji safi lenye ufa likikaa tupu siku za mgao, huweza kufyonza uchafu ulio kando yake. Mwaka wa 2017 kipindupindu kiliwapata hata wajumbe wa mkutano katika hoteli jijini. Ugonjwa huu hauulizi kodi yako ni shilingi ngapi.

Maoni yangu, basi, ni kwamba usafishaji utangulie na mzozo ufuate, na gharama za kusafisha zitoke katika mfuko wa jengo zima, hata kabla ya kujulikana nani alitupa nini.

Siku hiyo pampu izimwe kabla ya jambo lingine lolote. Watoto waondolewe. Anayesafisha avae mabuti na glavu, aoshe kwanza kwa sabuni, kwa maana klorini humalizwa nguvu na uchafu, kisha apake dawa ya klorini ya madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, aiache dakika kumi au zaidi. Asiichanganye na asidi ya choo. Hewa inayotoka huchoma mapafu. Godoro lililolowa litupwe, hata kama lina wiki mbili. Na kibarua asiteremshwe ndani ya shimo kwa kamba: mna hewa yenye sumu ambayo huua mtu na kisha mwenzake anayeshuka kumwokoa.

Piga picha kabla ya kusafisha. Barua kwa mwenye ploti au kwa shirika la jengo itiwe sahihi na wakaaji wote, wa juu wakiwemo, na nakala ipelekwe kwa bwana afya wa kaunti ndogo. Idai kuzibuliwa kwa bomba, kuoshwa kwa tangi na kupimwa kwa maji. Hifadhi risiti za zahanati kwa miezi miwili, ziwekwe pamoja na zile za zulia.