Gesi ya kipupwe haiishi kama petroli!

Joto la Dar unalijua mwenyewe. Unakwama foleni ya Ubungo saa nane mchana, vioo juu, halafu kipupwe kinapuliza hewa ya jikoni! Abiria wanakutazama kama vile wewe ndiye uliyewasha jua.

Yalinikuta na teksi ya mjomba. Fundi mmoja, gereji naihifadhi, alijaza gesi. Wiki mbili tu, joto lile lile. Akajaza tena. Mara ya tatu akatikisa kichwa: "Mzee, hapa kompresa imekufa. Jipange." Hela iliyokuwepo ilikuwa ada ya mdogo wangu, imo kwenye bahasha kabatini, na shule inafunguliwa Jumatatu.

Nikamwomba mjomba anipe Jumamosi asubuhi tu. Akacheka. "Wewe wa kidato cha nne utamshinda fundi?"

Nikaegesha gari nje, penye hewa, nikawasha injini na kipupwe. Kwanza nikapima upepo. Ukitoka hafifu hata feni ikiwa namba ya mwisho, shuku chujio. Magari mengi linakaa nyuma ya droo ya dashibodi. Letu lilikuwa safi, upepo wa kumwaga, ila wa moto.

Pili, nikafungua boneti. Kipupwe kikiwaka, sahani ya mbele ya kompresa hugonga "tak!" na kuzunguka pamoja na puli. Isipogonga, angalia fyuzi kabla hujaanza kulia. Yetu iligonga, ikaachia, ikagonga tena, kila baada ya sekunde chache. Nikajisemea, maiti hachezi mdundiko!

Tatu, feni ya mbele. Gari likipoa mwendoni halafu likachemka foleni, mara nyingi feni haizunguki, au ule wavu ulio mbele ya rejeta umejaa tope. Yetu ilizunguka vizuri. Ila mikono kaa nayo mbali, feni huwaka yenyewe na mkanda haujui undugu.

Nikazima injini, nikafuata mabomba kwa macho. Kwenye kiungo kimoja pana weusi, mafuta yameganda na vumbi. Nikapaka povu la sabuni. Bwana wee, mapovu yakaanza kuumuka!

Sasa sikiliza. Gesi ya kipupwe haichomwi ikaisha kama petroli. Inazunguka mle mle, kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue imevuja. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa gesi, nafuu ya fundi anayekujazia bila kutafuta tundu.

Sikufungua nati hata moja. Gesi ile ikikurukia inagandisha ngozi, na jicho unaweza kulipoteza. Mchana ule ule tukaenda kwa fundi mwingine, mjomba akanyoosha kidole: "Hapa." Jamaa akatoa gesi iliyobaki kwa mashine, akabadilisha kimpira cha kiungo, akafyonza hewa na unyevu, ndipo akajaza.

Bahasha ilipungua kidogo tu, na Jumatatu mdogo wangu alikuwa darasani. Hela ya kujaza mara mbili ndiyo imekwenda na upepo, hairudi. Lakini mjomba siku hizi ananiita injinia, na funguo za gari ananipa bila kuuliza naenda wapi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Vioo juu!