Kama Shabunda ingepiga kura ya Oscar

Jumapili, Machi 2, 2025, tuzo za Oscar zilitolewa kwa mara ya 97 mjini Los Angeles. Kwa saa za Bukavu ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Siku moja kabla, majaji wa tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou walimtaja mshindi wa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo inayoheshimiwa kuliko zote katika sinema ya Afrika. Kwa wapenzi wa filamu hizo zilikuwa siku za ubishi: nani atashinda, nani ameonewa, filamu gani imesahaulika kabisa.

Shabunda haina jumba la sinema. Wilaya hiyo ya Kivu Kusini inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima, lakini barabara zake ni tope na msitu. Filamu huingia huko kama vinavyoingia chumvi na sabuni: mgongoni mwa pikipiki au ndani ya ndege ndogo, zikiwa kwenye flashi mfukoni mwa mtu. Hutazamwa penye jenereta au betri ya sola. Hata hivyo, mpenzi wa filamu wa Shabunda ana orodha yake kama alivyo nayo mwenzake wa Paris, na mwaka 2025 alikuwa na sababu nzuri ya kuitoa hadharani.

Wapo ambao wangesema kwamba wakati huo haukuwa wa kuzungumzia filamu. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari mwaka huo. Februari 14 ulifuata uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye Bukavu yenyewe. Familia zilikimbia na bei zilipanda. Nani alikuwa na nafasi ya kuhesabu sanamu za dhahabu za Hollywood?

Jibu ni kwamba watu wengi duniani hawatafika Kivu kamwe. Wanaijua kwa picha walizoonyeshwa. Anayechagua picha hizo ndiye anayewaambia Wakongo ni watu wa namna gani, vita hivi vimetoka wapi na nani anafaidika navyo. Ndiyo maana orodha ya mpenzi wa filamu wa Shabunda haiulizi tu filamu ipi ni tamu. Inauliza pia nani ameshika kamera, nani anaongea, na nani ataiona kazi hiyo ikishamalizika.

Kura ya mwaka 2025

Kati ya filamu tano za hali halisi zilizowania Oscar ilikuwemo moja inayohusu Kongo: "Soundtrack to a Coup d'Etat", iliyoongozwa na Mbelgiji Johan Grimonprez. Kwa dakika 150 inasimulia jinsi Patrice Lumumba alivyoangushwa na hatimaye kuuawa, Januari 17, 1961. Inaonyesha pia jinsi Marekani ilivyomtuma Louis Armstrong kupiga tarumbeta Kongo mwaka 1960, wakati njama dhidi ya waziri mkuu huyo zikiendelea kupikwa. Na inakumbusha jinsi mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga ngoma Max Roach walivyoingia na wenzao katika kikao cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Februari 1961, kupinga mauaji hayo.

Kura ya Shabunda inaiendea filamu hii, na si kwa ajili ya muziki peke yake. Katikati ya picha za zamani mwongozaji anachomeka matangazo ya simu za iPhone na magari ya Tesla. Mtazamaji wa Ulaya anaweza kushtuka na kujiuliza yamefuata nini. Mtazamaji wa Shabunda hahitaji maelezo. Anaishi kwenye ardhi ya koltani, kasiterite na dhahabu, na ameona mashine zikichimba dhahabu kwenye mto Ulindi huku kijiji kilicho kando yake kikibaki bila taa. Filamu inasema kwamba uraniamu ya Shinkolobwe jana na madini ya Kivu leo ni hadithi moja. Hilo linastahili tuzo.

Lakini kura hiyo ina dosari moja moyoni. Kazi ya Grimonprez imejengwa kwa kumbukumbu za maktaba, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo zilipigwa na wageni. Anicet Kashamura, mwana wa Kivu aliyekuwa waziri wa habari wa Lumumba, alikuwa na mengi ya kusimulia juu ya siku zile. Hadithi ya Lumumba ikitazamwa kutoka Bukavu bado inasubiri filamu yake.

Mshindani mkubwa alikuwa "No Other Land", iliyotengenezwa na Wapalestina pamoja na Waisraeli kuhusu nyumba zinazobomolewa huko Masafer Yatta. Kushinda kwake hakungeifanya Shabunda inune. Nguvu yake ni kwamba anayeshika kamera ni mtu ambaye kijiji chake ndicho kinachobomolewa. Kivu haijafika hapo. "Virunga", iliyowania Oscar hiyohiyo mwaka 2015, iliongozwa na Mwingereza Orlando von Einsiedel. Zamu ya 2025 alikuwa Mbelgiji. Kazi zao ni nzuri, na bado inafaa kuuliza Mkongo atapewa lini nafasi ya kuieleza Kongo mbele ya ukumbi ule.

Waliostahili zaidi

Asikosee mtu akadhani kwamba Wakongo hawajui kazi. Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Mwaka 1987, pamoja na Benoît Lamy, aliiongoza "La Vie est belle", ambamo Papa Wemba aliigiza. Mwaka 1999 alitwaa tuzo kuu ya FESPACO kwa "Pièces d'identités". Ni hadithi ya mfalme mzee, Mani Kongo, anayekwenda Brussels kumtafuta binti yake aliyetumwa huko kusoma udaktari. Mji unamdhalilisha hadi anaweka rehani vitu vyake vya ufalme.

Filamu hiyo inawachekesha watu, lakini Mrega wa Shabunda hucheka kwa uchungu. Vinyago vya Bwami, chama cha heshima na hekima cha Warega, vimejaa kwenye kabati za makumbusho ya Ulaya, Tervuren ikiwemo. Mababu hawakuviweka rehani kwa hiari yao. Kwa hiyo filamu ya mwana wa Bukavu, iliyotengenezwa zaidi ya miaka 25 iliyopita, inashika nafasi ya kwanza katika orodha hii. Vijana wengi wa Bukavu leo hawajawahi kuiona.

Ya pili ni "Maman Colonelle" ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2017. Honorine Munyole ni mjane na afisa wa polisi aliyefanya kazi Bukavu kwa miaka mingi akiwalinda wanawake na watoto. Filamu inaanza siku za uhamisho wake kwenda Kisangani, ambako anawakuta wanawake waliodhulumiwa katika Vita vya Siku Sita na watoto wanaoteswa kwa kusingiziwa uchawi. Hamadi hamwoneshi kama malaika. Anamwonesha mama mwenye cheo, mwenye sauti, asiye na bajeti, anayesimama sokoni kuomba wananchi wachangie. Filamu ilipata tuzo Berlin na tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris. Ni nadra kwa filamu ya Mashariki ya Kongo kumwonesha mwanamke akiwa mtoaji wa amri badala ya kuwa jeraha la kutazamwa.

Hamadi huyohuyo alirudi mwaka 2020 na "En route pour le milliard". Walemavu wa vita vya Juni 2000, vita ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, wanapanda boti hadi Kinshasa kudai fidia yao. Filamu iliteuliwa na Cannes. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kwa watu wa Bukavu waliosikiliza milio ya risasi Februari 2025, hakuna filamu inayowahusu zaidi, kwa sababu inaonyesha kinachobaki miaka 20 baada ya milio kunyamaza.

Ya nne ni "Makala" ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyoshinda tuzo kuu ya Wiki ya Wakosoaji huko Cannes mwaka 2017. Makala ni mkaa kwa Kiswahili cha Kongo. Kabwita Kasongo anakata mti, anachoma mkaa, kisha anasukuma baiskeli iliyolemewa magunia hadi Kolwezi. Hakuna zaidi ya hapo, na inatosha. Yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mzigo kwenye tope la Shabunda anajua kwamba kila mlima katika filamu ile ni wa kweli. Na Kabwita anaongea Kiswahili.

Tuzo isiyotolewa

Filamu ya tano inaleta swali gumu. "L'homme qui répare les femmes", ya Thierry Michel na Colette Braeckman, inamhusu daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambako wagonjwa wengi wametoka vijiji vya ndani, Shabunda ikiwemo. Mwaka 2015 serikali ya Kinshasa iliipiga marufuku, kisha ikalegeza kamba wiki chache baadaye baada ya makelele mengi. Mukwege alipata Nobel ya Amani mwaka 2018.

Marufuku ile ilizua hasira, na ilistahili. Lakini filamu nyingine zote zilizotajwa hapa hazikupigwa marufuku na serikali yoyote, na bado hazikufika Shabunda kwa njia ya halali. Ufukara wa usambazaji umefanya kazi ambayo mkaguzi wa serikali hakuhitaji kuifanya. Mtu anapigwa picha katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake, picha inapigiwa makofi Berlin na Cannes, na jirani yake haioni kamwe.

Hilo linaweza kurekebishwa bila bajeti ya Hollywood. Mjini Dar es Salaam, Lufufu alipata jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na watu walijaa vibandani kumsikiliza. Mjini Goma, Yole!Africa imewafundisha vijana kushika kamera na ikaanzisha tamasha lake la filamu. Watayarishaji wa Ulaya wanaopiga picha Kivu wangeweza kuandika katika mkataba wao sharti moja tu: toleo la Kiswahili, na ruhusa ya kuonyesha bure katika shule, parokia na vibanda vya video vya eneo walikopigia picha. Mashirika yanayofadhili filamu hizo yangeweza kulidai sharti hilo kabla ya kutoa pesa.

Jumatatu ile asubuhi majina ya washindi yalikuwa yafike Shabunda, pale simu itakaposhika mtandao. Kama Grimonprez angepanda jukwaani, angepigiwa makofi huko pia. Kisha watu wangeuliza filamu yenyewe inapatikana wapi, na hapakuwa na wa kuwajibu.