Usikariri Nyuzijoto, Eleza Sababu

Mtahiniwa, swali la joto katika utengenezaji wa amonia huwapotezea wengi alama. Wanaandika "nyuzijoto 450" na kuishia hapo. Kwa maoni yangu, namba isiyo na sababu ni nusu ya jibu.

Anza na haidrojeni inayotumika kutengeneza amonia hiyo. Mara nyingi hutokana na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songo Songo:

(a) 2CH₄ + O₂ → 2CO + 4H₂ (hutoa joto)
(b) CH₄ + H₂O → CO + 3H₂ (hufyonza joto)

Katika (a), oksijeni yote ikiingizwa kwa mkupuo, methani huungua pale mlangoni, sehemu hiyo hupata moto kupita kiasi na kichocheo huharibika. Njia mojawapo wanayoitafiti wanasayansi ni bomba la kauri lenye vitundu vidogo sana. Oksijeni hupenya kidogo kidogo katika urefu wote wa bomba, hivyo joto husambaa. Mvuke ukiongezwa, mmenyuko (b) hufyonza joto la ziada.

Kauri yenye vitundu unaijua: ni mtungi wa maji. Lakini usichanganye. Mtungi hupoza kwa sababu maji yanayopenya hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Bomba lile hudhibiti joto kwa kupunguza kasi ya oksijeni kuingia.

Mfano wa karibu zaidi, hapa Isikizya, ni bani la tumbaku. Mkaushaji hachochei kuni zote kwa mara moja. Hupandisha joto taratibu kwa siku kadhaa. Akiharakisha, jani hukauka likiwa bado kijani na bei inashuka.

Kwa hiyo, kila ukiona swali la joto, jiulize:

1. Mmenyuko unatoa joto au unafyonza?
2. Kinachoingia kinaingia kwa kasi gani?
3. Joto likizidi au likipungua, tunapoteza nini?

Sasa rudi kwenye 450. Mmenyuko wa amonia hutoa joto: likizidi, amonia inapungua, likipungua, mmenyuko unakwenda polepole mno. Namba hiyo ni mapatano kati ya hasara mbili. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini sababu ielewe kwanza kwa lugha unayoiwazia.