Ngoma Hii ni ya Nani?



Jumapili moja jioni, hapa Carama, kaskazini ya mji wa Bujumbura, tulikuwa tumeketi barazani kwa jirani yetu, mzee mwenye mwana aliye askari polisi. Mjukuu wake, kijana wa shule, alishika simu ya mkononi akitutafutia burudani katika intaneti. Siku hizi hapana haja ya kungojea saa ya redio. Mwenye kutaka muziki wa zamani ataupata, na mwenye kutaka kusimuliwa habari za wafalme kwa vichekesho mpaka mbavu zimuume, naye atampata wa kumsimulia.

Tulianza na mazungumzo ya historia. Msimulizi alikuwa na ulimi mtamu kweli kweli. Katikati ya mzaha wake alisema kwamba ufalme wa Burundi ulikoma siku ile ile ya uhuru. Watoto walicheka, na sisi wakubwa tukacheka pamoja nao. Mzee peke yake hakucheka.

"Mjukuu wangu, hebu zima kidogo," alisema. "Uhuru tuliupata tarehe 1 Julai, 1962, na Mwami Mwambutsa alikuwa angali kitini. Jamhuri ilitangazwa tarehe 28 Novemba, 1966. Bwana huyu amemeza miaka minne na zaidi kwa kicheko kimoja!"

Kijana aliona haya, akabadilisha. Zikaja ngoma: picha za zamani zilizofifia rangi, wapigaji wamesimama nusu duara, mmoja akirukaruka mbele ya ngoma ya katikati. Juu ya picha hizo paliandikwa maneno mawili tu: ngoma, Burundi. Mzee alisogeza kiti, akaishika simu kwa mikono miwili.

Mzee huyu alipiga ngoma ujanani mwake, kilimani kwao upande wa Gitega. Alitufundisha mengi kwa dakika chache. Ile ya katikati, alisema, ni inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata mwongozo wa inkiranya. Idadi ya ngoma haiwi shufwa, huwa witiri daima. Mti wake ni umuvugangoma, yaani mti wenye kuisemesha ngoma. Na kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na utawala wa mfalme.

Kisha sauti yake ikabadilika. "Huyu namjua," alisema, akagusa kioo kwa kidole. "Na huyu. Na huyu wa tatu ni mwana wa shangazi yangu." Mjukuu alikimbia ndani kuleta daftari. Wapigaji walikuwa kumi na watatu. Mzee alitaja majina kumi na moja. Mawili yalikataa kuja. Juma lililofuata likaja moja, usiku wa manane, akamwamsha kijana aliandike. La mwisho halijaja hadi leo, na katika kilima kile hapana tena mwenye umri wa kuulizwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo hili, maana si la nyumba moja tu. Mwaka 1967 Mfaransa aitwaye Michel Vuylsteke alirekodi muziki hapa Burundi, na mwaka uliofuata kampuni ya Ocora ikautoa katika sahani ya santuri. Ngoma zilizokuwamo zilitembea kuliko miguu ya waliozipiga. Mwaka 1971, huko Ulaya, ziliongezwa piano na gitaa zikauzwa kama wimbo mpya uitwao Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitia katika wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1980 vijana wa Uingereza, Adam and the Ants, wakajipatia sifa kwa mdundo ulioigwa kwake. Yote haya utayasikia leo katika intaneti bila kuinuka kitini. Jina la Joni Mitchell utalikuta mara moja. Hebu tafuta jina la aliyeipiga inkiranya siku ile! Hata mwaka 2014, UNESCO ilipoiingiza ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, heshima iliifikia nchi nzima, nayo ni heshima kubwa. Lakini mtu mmoja mmoja, na mikono yake yenye sugu, hatambulikani bado.

Linganisheni na Siti binti Saad wa Unguja. Yeye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na sahani zikatoka zikiwa na jina lake. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert alimtungia kitabu cha wasifu wake. Kwa hiyo leo kijana wa Carama akiisikia sauti ile ya zamani, iliyojaa mikwaruzo, anajua ni ya nani, alizaliwa wapi, na aliishi vipi. Tofauti iliyopo hapa si ya ustadi. Wa kwetu walikosa mwandishi. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno hili linawahusu hasa ninyi askari na jamaa zenu. Hakuna mkuu wa kituo anayepokea taarifa isiyo na jina, mahali na saa. Mbona basi nyumbani tunapokea wimbo au hadithi ya nchi bila ya kuuliza hata moja kati ya hayo? Tena majeshi ya Afrika Mashariki yana hazina yao katika muziki. Tanzania palikuwa na Mwenge Jazz ya wanajeshi, Polisi Jazz ya askari polisi, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyimbo zao zinapatikana tena leo, na waliozicheza wakati ule sasa ni mababu. Waulizeni mapema ni nani aliyeimba na ni nani aliyepuliza tarumbeta.

Kwa hiyo nawausia mambo matatu. Kwanza, msisikilize vya kale peke yenu na waya masikioni. Mwiteni mzee, mpeni kiti kizuri, na ongezeni sauti kwa kiasi kisichowaudhi jirani. Pili, wekeni daftari karibu, andikeni jina la wimbo, la mwimbaji, la mpigaji, mahali, mwaka, na jina la mzee aliyewaambia. Ikiwa aliyeziweka picha katika mtandao anapokea barua, mpelekeeni majina hayo ayaandike panapostahili. Tatu, msimulizi wa historia akiwachekesha, chekeni, kisha muulizeni kimoyomoyo: umejuaje, na ni nani mwingine asemaye hivyo? Katika nchi iliyoumia kama yetu, mwaka 1972 na mwaka 1993, hadithi ya uongo iliyopakwa asali yaweza kumtia mtoto chuki ambayo mzazi wake hakuipanda. Aliye lindoni naye aiache simu mfukoni. Ngoma zitamngoja mpaka atakapopokewa zamu.

Jumapili iliyopita nilipita tena barazani kwa jirani yangu. Daftari lilikuwa juu ya meza, na katika ukurasa wa kwanza kijana amepanga majina kumi na mawili kwa mwandiko mzuri, nusu duara, kila jina mahali pa ngoma yake. Mahali pa kumi na tatu ameacha nafasi. Nilimwuliza kwa nini asiweke mstari akamaliza kazi. Alinijibu, "Babu amesema tusilifunge. Huenda yuko mtu anayelijua."